Dawa ya mwanangu inatokana na bangi: je, nimpe?

SWALI: Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, Sheikh. Mimi ni mwenyeji wa Tanga, naishi Leicester, Uingereza, na kazi yangu ni unesi. Mwanangu ana miaka 6 na kilo 20, ana kifafa cha aina ya Dravet. Dawa tatu zimeshindwa. Daktari bingwa anataka kumwanzishia Epidyolex, dawa ya maji inayotokana na mmea wa bangi, na kwenye karatasi yake nimesoma kuna ethanoli. Baba mkwe amepiga simu kutoka nyumbani, anasema mjukuu wake hatanyweshwa bangi. Shoga yangu naye ananishauri ninunue mafuta ya CBD madukani, yasiyo na maneno mengi. Na kazini nina mgonjwa wa MS, ule ugonjwa wa neva unaokakamaza misuli, anayepuliziwa mdomoni dawa ya Sativex. Zamu yangu ikifika namwomba mwenzangu ampe yeye, kwa kuogopa hadithi ya watu kumi waliolaaniwa. Je, nafanya sawa? Na tukija Tanga likizo, naweza kuibeba dawa ya mtoto?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu. Allah amponye mwanao, ponyo lisiloacha ugonjwa nyuma yake.

Sitakuweka roho juu mpaka mwisho wa barua. Mpe mtoto dawa. Ni halali, na baada ya dawa tatu kushindwa, mimi naona anayetaka kumnyima ndiye anayepaswa kuleta dalili.

Bangi ya kijiweni ni haramu, na hilo halina mjadala. Mtume (S.A.W.) amesema kila chenye kulevya ni haramu, kama alivyopokea Imam Muslim, na wanazuoni walipoiona hashishi, yaani bangi ya kulevya, imeingia miji ya Waislamu waliipinga kwa kauli kali, Ibn Taymiyya akiwa mstari wa mbele. Ila litazame neno lililobeba hukumu: kulevya. Ndani ya mmea ule mna vitu vingi, na kinacholevya hasa ni THC. Epidyolex imetengenezwa kwa kanabidioli, yaani CBD, iliyotengwa na kusafishwa, na hiyo haimlewishi mtu. Mtoto anaweza kusinzia, kukosa hamu ya kula au kuharisha, na daktari atampima ini, hasa kama anatumia pia valproeti, dawa nyingine ya kifafa. Hayo ni madhara ya dawa, si ulevi.

Faida yake nayo si uvumi. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa watoto na vijana 120 wenye Dravet. Kwa waliopewa kanabidioli, idadi ya kati ya degedege ilishuka kutoka 12.4 kwa mwezi hadi 5.9. Kwa waliopewa dawa ya kulinganishia, isiyo na kanabidioli, ilikuwa 14.9, ikawa 14.1. Walioacha kabisa kuanguka walikuwa wachache, kwa hiyo usitarajie muujiza. Lakini mama anayejua kuanguka kumoja kunavyofanana, tangu macho yanapopinduka hadi mtoto anapovuta pumzi ya kwanza, anajua thamani ya kuanguka sita kulikopungua.

Hili halikuanza leo pia. Al-Badri, mwandishi wa karne ya 15, anasimulia habari ya mtoto wa mkubwa mmoja wa Baghdad aliyekuwa na kifafa. Alipewa hashishi, kifafa kikaondoka, lakini ikawa hawezi kukaa hata kitambo bila ya hashishi. Kisa hiki nakipenda kwa kuwa hakifichi upande wowote: manufaa yamo na janga limo. Walichokifanya wataalamu wa leo ni kujaribu kuyachukua manufaa na kuliacha janga.

Tuje kwenye ethanoli. Mililita moja ya Epidyolex ina miligramu 79 za ethanoli, na sehemu kubwa iliyobaki ni mafuta ya ufuta. Dozi ya kuanzia ni miligramu 2.5 kwa kila kilo, mara mbili kwa siku, na dawa ina miligramu 100 katika kila mililita. Kwa mwanao hiyo ni nusu mililita asubuhi na nusu mililita jioni, mstari wa katikati wa ile sirinji ndogo. Ndani yake mna ethanoli isiyofika hata miligramu 40.

Baba mkwe anaweza kukutolea hadithi mbili, nazo ni sahihi. Moja ni ya Tariq bin Suwayd, aliyeuliza juu ya kutengeneza pombe kwa ajili ya dawa, akaambiwa na Mtume (S.A.W.) kwamba hiyo si dawa bali ni ugonjwa. Ya pili inasema chenye kulevya kwa wingi, hata kidogo chake ni haramu. Zote zinazungumzia kinywaji chenyewe. Katika madhehebu yetu ya Kishafi'i, pombe tupu haiwi dawa, lakini ikichanganyika na dawa ikamezwa humo, inajuzu kwa mwenye haja ikiwa hakuna mbadala ulio safi. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, baraza la kimataifa la wanazuoni, katika kikao chake cha Amman mwaka 1986, ilijibu hivyohivyo: Mwislamu mgonjwa atumie dawa yenye sehemu ya alkoholi ikiwa hakuna isiyokuwa nayo na ameandikiwa na daktari mwaminifu katika kazi yake. Na kumbuka maswahaba Zubayr bin Awwam na Abdurrahman bin Awf (R.A.). Hariri ni haramu kwa mwanamume, lakini Mtume (S.A.W.) aliwaruhusu waivae kwa sababu ya muwasho tu. Ikiwa muwasho ulizingatiwa, vipi kifafa kinachoweza kumuua mtoto usingizini?

Kuna jambo nataka baba mkwe alisikie kwa upole. Kuogopa shubha, yaani jambo lenye shaka, ni ibada, lakini ni ibada ya mtu juu ya nafsi yake. Miaka kadhaa nyuma niliitwa kumsomea mzee mwenye saratani ya koo. Chupa ya morfini, dawa ya maumivu inayotokana na afyuni, ilikuwa dirishani, haijafunguliwa. Alikataa, akisema hataki kukutana na Mola wake na afyuni tumboni. Mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa kitanda mpaka kucha zimekuwa nyeupe. Nilimsomea, kisha nikamweleza kwamba Imam Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa Kishafi'i, aliona inajuzu kumpoteza mtu akili kwa dawa pale anapolazimika kukatwa mkono ulioliwa na ugonjwa, na yeye wala hapotezwi akili, anatulizwa maumivu. Alininyamazia kwa muda mrefu. Mwisho akamwita binti yake, akapimiwa. Akalala. Alfajiri aliswali kwa ishara, akisoma Fatiha bila kukosea, jambo ambalo kwa siku kadhaa maumivu yalikuwa yamemzuia. Mzee yule alikuwa na haki ya kujichagulia. Mtoto wa miaka 6 hana sauti, na wewe na baba yake ndio mliokabidhiwa amana yake. Mume wako ndiye azungumze na mzazi wake, si wewe, tena kwa heshima, na akipenda amsomee barua hii.

Kuhusu kazi yako nitakuwa mkali kidogo, kwa kuwa nakuheshimu. Hadithi ya watu kumi aliyoipokea Tirmidhi ni ya pombe: anayeikamua, anayeibeba, anayepelekewa, na wengineo. Nesi anayempa mgonjwa dawa aliyoandikiwa hamo katika kumi hao. Nakubali Sativex si sawa na dawa ya mwanao. Hiyo ina THC karibu sawa na CBD, na nusu ya ujazo wake ni ethanoli. Kwa hiyo hapo tunaingia mlango wa dharura, na kanuni yake ni kwamba dharura hupimwa kwa kiasi chake. Sasa tazama utaratibu wenu wenyewe wa Uingereza: mgonjwa hupewa baada ya dawa nyingine kushindwa, hujaribiwa wiki 4, na kama ukakamavu haukupungua angalau kwa asilimia 20, inasimamishwa. Nilipousoma niliona kama umeandikwa na mwanafiqhi. Unapompisha mwenzako, mgonjwa anasubiri na misuli imekaza, na mwenzako anafanya kitu ambacho wewe unakiona ni dhambi. Kama ni dhambi, umemtupia yeye. Kama si dhambi, umemcheleweshea mgonjwa haki yake. Mpe mwenyewe, na useme Bismillah.

Mafuta ya shoga yako, achana nayo. Sisemi hivyo kwa kuwa jina lake lina bangi. Ni kwamba hujui ndani mna CBD kiasi gani wala kama THC imebaki, na hakuna daktari atakayekupimia ini la mtoto kwa ajili yake. Uingereza ilifungua mlango wa dawa zitokanazo na bangi tarehe 1 Novemba 2018, na ikaweka sharti kwamba anayeanzisha dawa za aina hii awe daktari bingwa. Najua sharti hilo limewachosha wazazi wengi wanaosubiri miadi, na nawaonea huruma. Wewe mlango umeshafunguliwa, ingia kwa huo.

Ama safari, sitakuambia beba. Tanzania ina sheria ya mwaka 2015 ya kupambana na dawa za kulevya, na bangi imo ndani yake. Afisa wa uwanjani hatasoma fatwa yangu. Kabla hujakata tiketi, andika kwa mamlaka ya dawa na ile ya kudhibiti dawa za kulevya, ukiambatanisha barua ya daktari, na usubiri jibu la maandishi. Kama ndege inapitia Dubai, uwanja ule ni ardhi ya Imarati hata kwa mpita njia, nao wana utaratibu wao wa kibali kwa dawa zinazodhibitiwa. Uliza huko pia. Na usije ukaiacha dawa Leicester kwa wiki tatu ukitumai mtoto atavumilia, kwani dawa ya kifafa haikatwi ghafla. Jibu likija la kuruhusu, chupa isafiri ndani ya boksi lake lenye jina la mtoto. Lisipokuja, basi mwaka huu babu ndiye apande ndege, aje amwone mjukuu wake.

Wallahu aalam.