Vidole vyeupe kama chaki

Swali: Shikamoo mzee. Nina miaka 29. Nimevunja zege kwa mashine Dar es Salaam miaka sita, na tangu Mei tuko Njombe. Asubuhi nikishuka kwenye bodaboda, vidole vitatu vya mkono wa kulia vinakuwa vyeupe, sivisikii kabisa. Vikipata moto vinauma kama vimechomwa. Dar nilikuwa napata ganzi tu usiku. Wenzangu wanasema ni baridi, nitazoea. Ni kweli?
*Fundi, Njombe*

Jibu: Marahaba mwanangu. Usizoee! Ugonjwa umetoka nao Dar, joto la kule lilikuwa linauficha. Ile ganzi ya usiku ndiyo ilikuwa hodi yake. Mtikisiko wa mashine huumiza neva na mishipa midogo ya damu vidoleni; baridi ikija mishipa inajibana, damu haifiki. Mwaka 1918 daktari Alice Hamilton aliyakuta hayohayo kwa wachonga mawe wa Bedford, Indiana, huko Marekani.

Mimi niliishika mashine hiyo miaka 17. Leo sarafu ya shilingi 200 ikilala mezani siwezi kuiokota. Naiburuza hadi ukingoni iangukie kiganjani. Vifungo vya shati ananifungia mama watoto. Nilipomwambia fomeni vidole vimekufa ganzi, alinipa glavu. Zilinipa joto, basi. Mtikisiko ulipita vilevile.

Kinachookoa ni muda. Kuna mashine za kuvunjia zege ambazo ukali wa mtikisiko wake hupimwa kuwa mita 10 kwa sekunde mraba. Kwa kanuni za Uingereza za mwaka 2005, mashine ya namna hiyo ukiishika nusu saa tu kwa siku, mwajiri anapaswa kuchukua hatua. Jumla ya saa mbili kwa siku ndiyo mwisho kabisa. Hapo unahesabu dakika ambazo mashine inanguruma mkononi mwako, mapumziko hayamo. Na wewe unashika kutwa nzima! Mwambie msimamizi mpokezane, tena wewe kwa sasa usiiguse mpaka upimwe, maana mapema hali hii huweza kupungua, ikikomaa hairudi.

Atakayeishika asiikabe wala kuiegemea, uzito wake unatosha. Ncha ikiwa butu ibadilishwe, kwa sababu butu hukaa muda mrefu juu ya zege lilelile. Sigara kama unavuta, acha; nayo inabana mishipa. Kwenye bodaboda vaa glavu nzito, kavu.

Wiki hii nenda hospitali, umweleze daktari unashika mashine gani na kwa saa ngapi. Mwajiri mjulishe kwa maandishi, nakala ubaki nayo: magonjwa yatokanayo na kazi yanahusu Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Na asubuhi vidole vikigeuka vyeupe, vipige picha kwa simu upande wa kiganja, maana ukifika kwa daktari saa tano, jua limeshawaka, vitakuwa vimerudi rangi yake.