Kabeji moja, watoto 58

Wiki iliyopita mliuliza: mtaala wa umilisi (CBC) umewabadilishia nini walimu wa sekondari msingi, yaani gredi ya 7 hadi 9? Mimi nafunza Sayansi Jumuishi huku Njoro, kaunti ya Nakuru, na nitajibu kwa kabeji.

Gredi ya 7 ina mada ya asidi na besi. Shule yetu ni ya msingi. Gredi hiyo ilipoletwa humu Januari 2023, maabara haikuja nayo. Basi nikanunua kabeji ya zambarau mjini, nikaikatakata na kuichemsha kwenye jiko la mpishi wa shule. Maji yake nikayagawa kwenye chupa za soda zilizokatwa nusu. Yakatiwa ndimu, ambayo ni asidi, yakawa mekundu. Yakatiwa magadi, ambayo ni besi, yale yale ambayo mama zao hupikia mboga, yakageuka kijani, na kelele zikamleta mwalimu wa gredi ya 3 kuchungulia dirishani. Msichana mmoja akauliza, je, na jivu? Kabla sijajibu alikuwa ameshakimbilia jikoni kulichota. Enzi za mtaala wa zamani wa 8-4-4 mada hii ningeimaliza ubaoni, na swali lile nisingelisikia.

Kwa hiyo msinihesabu na wanaotaka turudi tulikotoka. (Kabeji nililipa mwenyewe, lakini hayo tuyaache.) Hata fizikia, niliyoiaga kidato cha pili nikashika biolojia na kemia, siku hizi naisoma usiku kwenye simu ili niifunze asubuhi. Nimezoea.

Kinachoninyima usingizi ni orodha ya majina. Watoto ni 58. Walioshika chupa hawakufika 15. Wengine waliona migongo ya wenzao. Jioni nakaa niandike nani amezidisha matarajio, nani amefikia, nani anakaribia. Yule wa dawati la nyuma nimwandikie nini? Tathmini za gredi ya 7 na 8 zina asilimia 20 ya matokeo ya gredi ya 9, na hayo ndiyo yanayompeleka mtoto sekondari pevu, kuanzia gredi ya 10. Namwandikia "amefikia" huku nikijua nakisia. Nadhani wenzangu nao wanakisia, ila pale ofisini hakuna anayeanza kulisema.

Yule wa jivu nilimwandikia "amezidisha". Siku ile, ndiyo alama niliyoiandika bila kusita.