Mbona Hakuna Maghorofa?

Mdogo wangu, umeniuliza kwenye grupu la familia: "Dada, mbona picha zako zote ni ng'ombe na theluji? Kweli uko Ufaransa?" Shangazi, shikamoo, nawe ukasema labda kuna jambo nalificha. Sifichi kitu.

Siko Paris. Niko Le Chambon-sur-Lignon, kijiji cha mkoa wa Haute-Loire, kwenye uwanda wa juu wenye milima ya volkano zilizozimika siku nyingi, karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Watu hawafiki 3,000. Reli ya kawaida ilifungwa 1968. Huna gari, huendi popote. Wa Lushoto mnaijua baridi ya Julai, lakini hamjaijua burle, upepo wa kaskazini unaosomba theluji shambani na kuirundika barabarani, mlango ukagoma kufunguka. Nahudumia wazee majumbani. Mshahara unaingia kwa wakati, ila kodi, mafuta ya gari na ya kupashia nyumba joto vinaumaliza. Nikisema sina, naomba mniamini.

Baridi niliizoea. Kilichonitesa ni ukimya. Mwaka mzima hakuna aliyeniuliza natoka wapi, nina mume, nina watoto. Nikadhani wananidharau, nikawa nalia kwenye gari kabla ya kuingia kazini.

Watu wa hapa wengi wao ni Waprotestanti wa tangu mababu. Mwaka 1685 mfalme Louis XIV aliifuta Amri ya Nantes iliyowaruhusu kuabudu, wakasali porini kwa kujificha kwa zaidi ya miaka 100, hadi 1787. Kisha ikaja Vita Kuu ya Pili. Wayahudi waliokuwa wakisakwa na Wanazi na serikali ya Vichy, ile ya Ufaransa iliyoshirikiana nao, walipanda huku, wengi wao watoto, wakapokelewa mashambani na kwenye nyumba za wageni. Agosti 1942 askari walikuja na mabasi, wakamtaka mchungaji wa hapa, André Trocmé, ataje majina ya Wayahudi waliofichwa. Akakataa. Februari mwaka uliofuata akakamatwa, akawekwa kambini kwa wiki kadhaa. Binamu yake, Daniel Trocmé, alichukuliwa pamoja na vijana aliokuwa akiwalea, akafia Majdanek, kambi ya Wanazi huko Poland, 1944. Mwaka 1990 Yad Vashem, taasisi ya Israeli inayokumbuka Wayahudi waliouawa na Wanazi, ilikitunuku kijiji kizima. Juu ya mlango wa kanisa kumechongwa maneno mnayoyajua: Pendaneni.

Bibi mmoja ninayemwogesha, amepita miaka 90, alikuwa mtoto wakati huo. Siku moja namfunga vifungo vya sweta, akaniambia kwao walikuwepo "binamu" wawili ambao hakuwahi kujua majina yao ya kweli. Mama yake alimkataza kuuliza. Asiyejua hawezi kutaja, hata akibanwa. Akaninyooshea kidole chumba cha juu ya zizi, walikolala, na dirisha lake dogo kama sahani.

Nilirudi nyumbani siku hiyo sikulia.

Sasa ni mwaka wa tatu. Majuzi bibi huyo akaniuliza, kwa sauti ya chini, mama yangu anaitwa nani. Nikamtajia. Tangu hapo kila asubuhi, kabla hata ya chai, anauliza mama ameamkaje. Kwa hiyo mama, ukiona napiga simu alfajiri usishtuke. Kuna mtu ananisubiri na jibu lako.