HER2 kwa mama mdogo, HER2 kwa mjomba

SWALI: Shikamoo dokta. Niko Ujiji, Kigoma. Mama mdogo alikatwa kinyama titini mwaka jana, majibu yakasema saratani, HER2 3+. Sasa kaka yake, mjomba wangu, kaingizwa kamera tumboni, kinyama kikapelekwa Mwanza, kimerudi saratani ya tumbo alafu nayo wameandika HER2 2+. Hapa nyumbani washasema ni ugonjwa wa ukoo, na wengine wanauliza inakuwaje mwanaume awe na ya matiti tumboni. Na hiyo 2+ ni steji au nini?

JIBU: Marahaba, na poleni sana. HER2 sio jina la saratani, ni protini, hata wewe unayo, inakaa kwenye utando wa seli inapokea amri ya kukua na kugawanyika. Balaa linaanza seli zikiitengeneza kupita kiasi. Kwenye matiti inatokea kama kwa wagonjwa 15 hadi 20 katika kila 100, na tumboni nako ipo, hasa uvimbe ukiwa juu pale umio unapoingilia. Kwaiyo ya mjomba ni ya tumbo, basi. Kuhusu ukoo, kuzidi huko kunatokea ndani ya uvimbe wenyewe, mtu hazaliwi nako. Saratani za kurithi zipo kweli, kuna jeni kama BRCA1, na kama mko wengi wagonjwa mwambieni daktari, ila HER2 msiifanye ushahidi wa kulaumiana msibani na harusini.

Sasa 2+. Steji ni kitu kingine kabisa, hii ni alama ya rangi. Kinyama kinagandishwa kwenye nta, kinakatwa wembamba kuliko karatasi, kinawekewa kingamwili inayonasa HER2 tu, na iliponasa panageuka kahawia. Titi la 3+ ukiliweka kwenye darubini unaona seli imezungushiwa duara la kahawia iliyokolea, halina pengo. Tumboni mara nyingi rangi inashika ubavuni na chini, juu pako wazi, unaona kama herufi U, na bado inahesabika, ndo maana fomu isiyosema kinyama kimetoka wapi inamtesa anayesoma slaidi, kile kioo chenye kinyama, kwenye darubini. 2+ maana yake rangi ipo ila haijakolea kiasi cha kuamua, inabidi kipimo kingine cha kuhesabu nakala za jeni, wanakiita FISH. Hakatwi tena lakini, bloku ileile ya nta inatosha, ulizieni iko wapi na isipotee. Ulizeni pia kamera ilichukua vipande vingapi, maana tumboni HER2 inakaa kwa mabaka, kipande kimoja kinaweza kudanganya.

Na nyie mnaobebeshwa vichupa vya kinyama kwenye basi, Kasulu, Kibondo mpaka Mwanza, safari haina neno kama kinyama kimezama kwenye fomalini, ile dawa ya kuhifadhia kisioze. Kikiwa kwenye maji ya chumvi kinaoza njiani na hizo protini zinaharibika.

Tunahangaika hivi kwa sababu ipo dawa ya dripu inayoilenga HER2, trastuzumab, Marekani waliiruhusu kwa matiti 1998 na kwa saratani ya tumbo iliyosambaa 2010. Bei sio ya mchezo na inaweza kugusa moyo, kwaiyo moyo unapimwa kwanza. Mama mdogo na 3+ yake aiulizie kliniki ijayo. Mjomba asikae nyumbani kungojea FISH, aendelee kuonana na daktari wa upasuaji sasa hivi.