Kabla hujasaini fedha za utafiti, uliza data italala wapi

Mwaka 2022 tulikuwa tukirekodi sauti za watu Dar es Salaam ili kompyuta ijifunze Kiswahili cha mtaani. Fomu ya ridhaa ilikuwa ukurasa mmoja. Sauti tulizipandisha moja kwa moja kwenye seva iliyoko Marekani, mfadhili analipa, nani ahoji?

Tarehe 1 Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ikaanza kutumika. Ina masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi, na fomu yetu haikugusa jambo hilo. Tukanung'unika wiki nzima, kisha tukaanza kupiga simu, mtu mmoja mmoja. Nikampata mama muuza samaki wa Feri.

"Shikamoo mama. Ile sauti yako tuliyorekodi mwaka jana..."

"Marahaba. Iko wapi saa hizi?"

"Iko Marekani, mama."

"Heh! Mimi pasipoti sina, sauti imeshapanda ndege?"

Akacheka, akaridhia. Wengine walikataa, tukafuta zao. Tukanunua diski mbili na kuleta nakala nyumbani. Wakati ule niliona tunatupa hela.

Tarehe 20 Januari 2025 Rais Trump akasaini amri ya kusitisha misaada ya nje kwa siku 90. Siku chache baadaye ikaingia barua pepe: simamisheni kazi. Akaunti ya seva ilikuwa kwa jina la mfadhili, na pasiwedi zetu zikagoma. Kijana wetu hodari kuliko wote wa kuandika maneno ya kila rekodi akaenda kutengeneza simu Kariakoo.

Ndiyo maana wadogo zangu wanaoomba fedha nawaambia: sheria isome mwenyewe, usingoje muhtasari wa WhatsApp. Akaunti iwe ya chuo chako. Nakala ibaki nchini. Na kipengele cha kusitisha mkataba ukisome kabla ya kile cha mshahara (najua unaanzia wapi, hata mimi nilianzia huko). Kwa mishahara ya vijana fedha zikikatika ghafla, hapo sina dawa. Wafadhili wengi hawakubali uweke akiba.

Diski ziko kabatini. Jumamosi akifunga kibanda mapema, kijana wa Kariakoo hupitia, huvaa spika za masikioni na kuendelea alipoishia. Wiki iliyopita alifika kwa mama wa Feri.