Mzee anapohamia makao ya wazee: anachotarajia asichokisema

Nimehudumia wazee kwenye makao kwa miaka mingi, zamu za mchana na za usiku. Familia zinazokuja kutazama mahali huuliza maswali yaleyale: daktari yupo? Usafi ukoje? Milango inafungwa usiku? Ni maswali ya haki, wala msiache kuyauliza. Ila ukikaa na wazee wenyewe jioni, shughuli zikishapungua, utasikia mambo mengine kabisa. Sijamsikia hata mmoja akitamani jengo zuri zaidi. Wanachotaka ni kuendelea kuwa na kauli juu ya siku yao.

Chukua suala la kuamka. Sehemu nyingi huwaamsha wazee alfajiri ili zamu ya usiku imalize kuwaogesha kabla ya kukabidhi kazi. Namkumbuka mama mmoja, mpole mchana kutwa, lakini asubuhi alikishika kitanda kwa mikono miwili na kukataa kuinuka. Kwenye faili lake paliandikwa "mkaidi". Alipokuja msimamizi mwingine akamuuliza, "Mama, wewe unapenda kuoga saa ngapi?" Akajibu, "Jioni. Naoga jioni tangu usichana wangu." Akapangiwa jioni, na vurugu za asubuhi zikaisha. Tangu hapo nikikuta mzee ameandikwa mkaidi, kwanza natazama tumempangia nini bila kumuuliza.

Jambo hili lilishapimwa. Mwaka 1976 wanasaikolojia Ellen Langer na Judith Rodin walichapisha utafiti waliofanya kwenye makao ya wazee huko Connecticut, Marekani. Kundi moja la wazee lilikumbushwa kwamba wana uamuzi juu ya maisha yao ya pale, likachagua siku ya kutazama filamu, na kila mmoja akapewa mmea autunze mwenyewe. Kundi la pili nalo lilipewa mimea, ila likaambiwa wauguzi ndio watakaoimwagilia. Wiki chache tu baadaye wale wa kundi la kwanza walikuwa wamechangamka zaidi na wanashiriki zaidi shughuli za pale. Tofauti yenyewe ilikuwa kukumbushwa kwamba uamuzi ni wao, kutunza mmea na kuchagua siku ya filamu!

Kisha kuna hamu ya kuwa na faida kwa wengine. Daktari Bill Thomas, aliyeingiza mbwa, paka na ndege kwenye makao ya wazee katika jimbo la New York mwanzoni mwa miaka ya 1990, alitaja mapigo matatu ya maisha ya makao: upweke, unyonge na kuchoshwa na siku zisizo na jambo. Kwa niliyoyaona, unyonge wa kupokea tu bila kutoa ndio unaokata zaidi. Tulikuwa na fundi cherehani mstaafu, vidole vimepindishwa na baridi yabisi. Mwanawe akamletea kopo la vifungo na sindano zenye tundu kubwa. Kifungo cha koti la mhudumu kikikatika, tunampelekea yeye. Kifungo kimoja kilimchukua alasiri nzima, na hakutaka mtu amsaidie kutunga uzi. Ukimjulia hali hakuanza na maradhi, alianza na kazi zilizomsubiri. Kwa hiyo unapozungumza na uongozi, uliza mzee wako ataruhusiwa kufanya kazi gani. Wakishangazwa na swali hilo, umeshapata jibu.

Stara wazee hawaizungumzii, wanaona haya. Mhudumu apige hodi na asubiri kuitikiwa. Mlango ufungwe wakati wa kuogeshwa. Mtu avae nguo zake, si za jirani zilizochanganyika huko kwenye kufua. Shona jina lake ndani ya ukosi wa kila nguo kabla hajahamia. Aitwe anavyotaka kuitwa: aliyekuwa Mwalimu na abaki Mwalimu. Tena hakikisha kifaa chake cha kusikia kina betri na miwani imefutwa, maana mzee asiyesikia hukaa kimya, na mzee aliye kimya huhesabiwa kwamba ametulia. Hizi si hisani. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu wazee, zilizopitishwa Desemba 1991, zinataka anayeishi kwenye makao aheshimiwe utu wake, imani yake na faragha yake, na pia haki yake ya kuamua kuhusu matunzo yake.

Ukienda kukagua mahali, nenda naye, na urudi siku nyingine jioni. Sikiliza kengele inalia muda gani kabla ya mtu kufika. Tazama mhudumu anaongea na mzee usoni au anaongea na mwenzake juu ya kichwa cha mzee. Mwenye ugonjwa wa kusahau naye ana kauli: mwoneshe mashati mawili, ataelekeza kidole.

Kuhusu kumtembelea, siku inayojulikana ina uzito kuliko ziara ndefu ya kushtukiza. Ukisema Jumapili, fika Jumapili. Amekuwa akiitaja tangu Jumatano. Na usije na zawadi peke yake. Njoo na jambo la nyumbani linalohitaji ushauri wake: mtoto anayetafuta shule, ugomvi wa ndugu, shamba la kugawa. Kisha ushauri wake ufuatwe inapowezekana, na umrudishie habari.

Kuna mazungumzo ambayo watoto huyakwepa na wazee huyangoja: kifo. Mzee akianza, usimwambie "acha maneno hayo". Wengi waliniambia mimi usiku yale waliyotaka kuwaambia wanao: nani apigiwe simu kwanza, kama wanataka kukimbizwa hospitali au kubaki kitandani mwao, nani awaombee, wazikwe wapi. Keti naye mwandike yote hayo, asaini akiwa na akili zake timamu. Karatasi moja ikae kwenye faili lake pale makaoni, nyingine ibaki kwako, na msimamizi wa zamu ya usiku ajue ilipo, kwa sababu mara nyingi uamuzi huo huhitajika usiku.