Barua kwa mwanangu: ulichoniuliza kuhusu babako

Mwanangu, waalaykum salaam. Voisi yako nimeisikiliza jana baada ya Isha na leo asubuhi nikairejea tena. Unaniuliza baba alikuwa anatupenda kweli, mana wewe ukimkumbuka unaona miguu miwili tu imechomoza chini ya gari, na sa hivi ushapata mwana wako mwenyewe ndo suala hilo limekukaa rohoni. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ntalia halafu sitomaliza.

Alikupenda, tena sana. Ila hakuwa mtu wa maneno, hata siku ya posa yetu alizungumza ami yake mwanzo mwisho yeye kainamia mkeka tu.

Wewe unakumbuka gari lakini babako jina lake la ufundi lilitoka kwenye Vespa, vile vipikipiki vya magurudumu madogo. Zamani hapa mjini Unguja mwalimu, karani, muuza duka, kipando chao Vespa, na Vespa ina mambo yake, injini yake haiwekewi oili mbali kama gari, oili unaikoroga humo humo kwenye petroli, ukizidisha inafuka moshi mtaa mzima na plagi inajaa masizi, ukipunguza pistoni inashika, inakwama ndani ya injini, na hapo ndo hasara. Yeye kila mteja atamfundisha, lita 5 za petroli mililita 100 za oili, na kipimo chake kilikuwa kichupa cha dawa ya kifua, kile cha mililita 100, basi wanawake wa mtaani kwetu Mwembetanga wote tulikuwa hatutupi vichupa, tunavikosha tunampelekea, naye anawagaia watu bure. Nilimwambia mara ngapi, wewe fundi gani unawafundisha watu wasirudi kwako? Anacheka tu. Watu walirudi hata hivo, mana akikwambia hiki kizima usinunue kipya unajua ni kweli.

Gari za mbao za shamba, zile za abiria, zilikuja baadaye, hizo ndo za miguu unayoikumbuka. Hewa ya bahari inakula chuma, kila nati imeshika kutu, unalala chini saa nzima unapiga nati moja. Mgongo ulimuuma mpaka anakufa na hakuwahi kukwambieni.

Sasa nije kwenye kile kiza kikubwa, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, mana nnajua kinyongo chako kingi kimeanzia hapo, ulikuwa mdogo, unauliza baba yuko wapi kila usiku. Umeme wetu unatoka Bara kwa waya wa chini ya bahari, ulipoharibika Unguja nzima hakuna umeme, na maji nayo tabu kwa sababu pampu haziendi. Kila mtu akakimbilia jenereta. Vile vijenereta vidogo vingi vyao injini yake kama ya Vespa, vinataka mafuta ya kukoroga, watu hawajui, wanatia petroli tupu, kesho yake pistoni ishashika. Nani anajua mambo hayo? Fundi Vespa. Akawa anaitwa kwenye mashine ya barafu ya wavuvi, anaitwa msikitini, anaitwa kwa mama ana samaki zake kwenye friza na ndo mtaji wake wote. Mwenye uwezo alilipa, asokuwa nao akaandikwa kwenye daftari, na daftari lile ninalo, kurasa nyengine hakuzidai mpaka anakufa.

Na sisi nyumbani hatukuwa na jenereta. Hili hulijui kwa sababu ulikuwa usingizini. Ilikuwa kaskazi, joto lile unalijua, hakuna feni, mtoto anageuka geuka anatoka jasho. Anaingia saa saba za usiku, saa nane, anakoga maji ya ndoo, halafu anakaa chini ubavuni mwa godoro lenu anakupepeeni kwa kipepeo cha ukili mpaka nyote mnatulia, mkono huu ukichoka anahamishia huu. Mimi namwambia lala baba fulani una kazi asubuhi, ananambia nalala nalala. Adhana ya Alfajiri inamkuta pale pale.

Jengine mwanangu. Uliniambia ukimkimbilia akirudi kazini alikuwa anarudi nyuma, hakubebi. Alikuwa na oili mpaka kwenye vifundo! Hakutaka ikuguse, dada yako alipokuwa mchanga alimshika kidogo tu na oili ya kazini akatoka vipele shingoni, tangu hapo akajikataza. Atapita moja kwa moja uwani, omo na majivu, anasugua mpaka ngozi inakuwa nyekundu, ndo anakuja kukutafuta, na wewe wakati huo ushanuna unajificha nyuma ya mlango. Wallahi ningelijua unalibeba hili miaka yote ningelikwambia zamani.

Ijumaa baada ya sala hakufungua kazi. Wewe ukisimama mbele kwenye Vespa baina ya mikono yake, mimi nyuma na dada yako, tunakwenda Forodhani. Muulize dada yako, anakumbuka vizuri kuliko wewe.

Siku tunamzika Mwanakwerekwe madereva wa shamba walichukua watu bure, gari kwa gari, na mie sikuwaomba.

Sanduku la spana nimelitia chini ya kitanda, nishalipaka grisi lisishike kutu. Ukija Idi lichukue, na mjukuu wangu mje naye, nataka nimuone masikio, hapa wanasema ni ya babu yake.

Mamako